Habari za Ushujaa Walizosimuliwa Watoto wa Nchi ya Musoma

Katika kitabu cha yubilei watu hutazamia kuona hesabu: miaka ya misioni, majina ya maaskofu, makanisa yaliyojengwa, shule na zahanati zilizofunguliwa. Hayo ni haki yaandikwe, ili waliotoa jasho lao wasisahauliwe. Lakini iko kazi moja ambayo haikuacha ukuta wala paa, wala haihesabiki, nayo ni kazi ya mwalimu wa dini aketiye na watoto chini ya mti, akiwasimulia habari za Daudi na Goliati, za Danieli katika tundu la simba, na za Bwana wetu Yezu Kristu alipoituliza dhoruba. Mimi nawafundisha watoto hapa Nyasho, mjini Musoma, nami nimeona vema kueleza jinsi habari hizo zilivyotufikia na kazi zilizoifanya katika nchi hii. Tena nitaje kosa moja tulifanyalo sisi walimu, ambalo mimi mwenyewe nimelifanya.

Habari hizo zilitujia kwa njia ya Ziwa. Mwisho wa mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, walifika kusini ya Ziwa Viktoria baada ya safari ndefu ya miguu kutoka Bagamoyo. Wawili kati yao, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wakatangulia kwa mtumbwi, wakafika Entebe tarehe 17 Februari 1879. Lavigerie alikuwa amewaagiza wasifanye haraka kubatiza: mtu afundishwe muda wa miaka minne kwanza. Wako walioona agizo hilo kuwa gumu mno. Lakini kwa jambo letu hili faida yake ilikuwa kubwa, maana miaka minne haiwezi kujazwa na maswali na majibu ya Katekisimu peke yake. Ndipo habari za Historia Takatifu zilipopata nafasi yake: kuumbwa kwa ulimwengu, safina ya Nuhu, safari ya Ibrahimu, Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake. Kijana alizisikia mara nyingi, hata akaweza kuzisimulia mwenyewe bila kushika kitabu.

Faida hiyo ilionekana upesi. Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre waliondoka Buganda kwa ajili ya hatari, wakavuka Ziwa, wakakaa Bukumbi, upande huu wa kusini, mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Padre hata mmoja kule. Hata waliporudi, wakakuta waamini hawakupungua bali wameongezeka, kwa kuwa Wakristu wenyewe, na hasa Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyekuwa mtumishi mkubwa katika nyumba ya mfalme, walikuwa wakiwafundisha wenzao kwa siri. Hivyo ndivyo imani ilivyolelewa katika nchi za Ziwa tangu mwanzo, kijana akimfundisha kijana mwenzake.

Yuko mmoja wao ambaye kwa maoni yangu angestahili kuwa msimamizi wa walimu wote wa watoto, naye ni Dionizi Sebugwawo. Alikuwa na umri wa miaka 16 hivi. Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga alimkuta pamoja na Mwafu, mtoto wa Katikiro, akamwuliza walikuwa wakifanya nini. Dionizi angeweza kusema lolote. Akajibu bila kuficha ya kuwa alikuwa akimfundisha dini. Kwa jibu hilo Kabaka alimpiga kwa mkuki, na kabla siku haijapita alikuwa amekwisha kuuawa.

Upande wetu huu wa mashariki, misioni ya Nyegina ilianza mwaka 1911, wakati wa utawala wa Wajeremani. Watoto waliokuja kusikiliza walimu hawakuwa watu wasiojua ushujaa. Wazee walikuwa na shule yao: mtoto alichunga ng'ombe porini penye chui na fisi; katika makabila mengi aliambiwa asipepese jicho siku ya tohara; na jioni, penye moto, alisikia habari za mababu waliorudisha ng'ombe walioibwa. Ndiyo sababu Daudi aliwaingia moyoni mara moja. Kijana mchungaji, mdogo kuliko ndugu zake wote, anayedharauliwa na kaka zake alipokwenda kuwapelekea chakula vitani, nani katika nchi ya ng'ombe asiyemjua? Simba wake walimjua pia, maana Serengeti si mbali. Dubu ndiye aliyewatatiza walimu, na mpaka leo hunitaabisha, maana hakuna mtoto wa Nyasho aliyemwona.

Lakini Maandiko yalileta na ushujaa wa namna nyingine ambao wazee hawakuufundisha. Mtazameni yule kijakazi katika nyumba ya Naamani Mshami. Alitekwa kwao, akafanywa mtumwa, jina lake halikuandikwa. Naye ndiye aliyethubutu kusema ya kwamba yuko nabii awezaye kumponya bwana wake. Msichana, tena mateka, akimtakia mema mtu aliyemteka! Katika nchi hizi ambako zamani watoto walitekwa kweli vitani, na wengine waliuzwa wakati wa njaa, habari hiyo haikuwa hadithi ya mbali.

Tena Maandiko hayafichi hofu ya mashujaa wake. Gideoni aliitwa akiwa anapura ngano mafichoni kwa kuwaogopa Wamidiani, na hata baada ya kuitwa aliomba ishara mara mbili. Eliya, siku chache baada ya kuwashinda manabii wa Baali, alimkimbia malkia, akalala chini ya mti akiomba afe. Esta alifunga siku tatu kabla ya kuthubutu kuingia kwa mfalme. Petro alitembea juu ya maji hatua kadha wa kadha, kisha alipoona upepo akaanza kuzama. Sisi walimu hupenda kupita upesi mahali hapo tufikie ushindi. Tunakosea. Mtoto anayeogopa giza hapati msaada kwa kusimuliwa habari za watu wasioogopa kitu.

Mwaka 1934 mtoto mmoja wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, jina lake Kambarage, mwenye miaka 12, aliondoka kwao akaja Musoma, mwendo wa maili 26 hivi, kuingia shule ya Mwisenge, ambayo iko mji huu huu wetu. Huko ndiko alikoanza kusikia mafundisho ya dini. Hakubatizwa upesi. Alikwenda Tabora, kisha Makerere. Baba yake alifariki mwaka 1942. Na tarehe 23 Desemba 1943, miaka tisa baada ya kuja Mwisenge, alibatizwa Nyegina akaitwa Julius. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa kuitetea Tanganyika, aliambiwa achague kati ya ualimu wake wa Pugu na siasa. Akaacha ualimu na mshahara wake, akarudi nyumbani. Katika miezi ile alimfundisha Kizanaki Padre mmoja wa Maryknoll, yaani wale Mapadre wa Marekani waliofika Musoma mwaka 1946, akatafsiri mafundisho ya dini kwa lugha ya kwao. Na katika uzee wake, alipokwisha kuacha urais, aligeuza Enjili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikapigwa chapa Ndanda mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Wahubiri wengine husema habari za Biblia ndizo zilizompa ushujaa. Mimi sithubutu kusema yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Nasema tu kwamba habari alizozisikia akiwa mtoto hakuziacha mpaka akawa mzee, na kwamba alirudi kwazo kwa mkono wa fundi afanyaye kazi aipendayo.

Wala tusijisifu kana kwamba kazi hii ilikuwa yetu peke yetu. Mwaka ule ule wa 1934 Wamenoni kutoka Marekani walianza misioni yao Shirati. Waadventista walikuwa wamekwisha kutangulia katika nchi hii tangu zamani za Wajeremani. Na Waanglikana wana Dayosisi yao ya Mara tangu 1985. Watoto wa Musoma wamesimuliwa habari zile zile kwa vinywa vingi, na mara nyingi ndugu wa tumbo moja wamezisikia katika makanisa mawili, wakarudi nyumbani wakabishana juu ya Yona.

Ushujaa ulio mgumu kuliko yote katika mkoa huu leo, naona, si wa wavulana. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini mwezi wa Desemba ufikapo, shule zikifungwa, bado wako wazazi wanaonoa kisu. Zamani msichana aliyesifiwa ni yule aliyestahimili bila kulia. Siku hizi wako wanaokataa. Hutoroka usiku, wakapokelewa katika kituo cha Masanga huko Tarime, au katika nyumba ya salama ya Mugumu iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa kazi ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara. Watu wengine huwaita waoga, kwa sababu wamekimbia. Kwa hiyo mimi nimezoea kuwasimulia watoto, wasichana na wavulana pamoja, jinsi Yosefu alivyoamka usiku akamchukua Mtoto na mama yake kukimbilia Misri, na jinsi Paulo alivyoteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kapu hilo huwachekesha sana. Wacheke, hata hivyo watakumbuka kwamba Mtume naye alikimbia.

Sasa nifike kwenye lile kosa. Jumapili moja niliwasimulia watoto habari za dhoruba, jinsi Bwana alivyokuwa amelala katika chombo, wanafunzi wake wakamwamsha kwa hofu, akakemea upepo, pakawa shwari. Nikamaliza kama nilivyozoea, nikisema ya kwamba amwaminiye Mungu hazami. Mvulana mmoja, mwenye miaka tisa au kumi, ambaye baba yake alikuwa mvuvi na hakurudi kutoka Ziwani, akainuka akaniuliza kama baba yake hakumwamini Mungu. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu atakaye kujua. Sikuwa na jibu. Nikawaanzishia wimbo, kisha nikawaruhusu waende.

Wiki ile nilirudi kusoma habari za wale vijana watatu wa Babeli waliotupwa katika tanuru ya moto. Nilikuwa nimezifundisha miaka mingi, lakini sikuwa nimetua juu ya maneno waliyomjibu mfalme. Walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba, hata kama asipowaokoa, wao hawataisujudia sanamu. Sisi tusomao tunajua mwisho wake. Wao, waliposema hivyo, hawakujua. Nikaona kwamba nimekuwa nikiwafundisha watoto mwisho wa habari badala ya imani, kana kwamba kumtumaini Mungu ni kujua mapema kwamba moto hautaunguza. Na kama ndivyo, tuwaambie nini watoto juu ya Namugongo, ambako moto uliunguza?

Basi Jumapili iliyofuata niliacha somo lililopangwa, nikawasimulia habari hizo. Niliwaambia jinsi Karoli Lwanga alivyowabatiza usiku, kule Munyonyo, vijana wanne ambao walikuwa bado kubatizwa, naye Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka 14 hivi. Jinsi walivyopelekwa kwa miguu mpaka Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana, wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Niliwaambia kwamba hakuna malaika aliyeonekana motoni, na kwamba Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa Watakatifu wale 22 wa Kanisa letu mwaka 1964. Halafu nikawaeleza habari za Mbaga Tuzinde, mmoja wa wale wanne. Mkubwa wa wauaji, Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mtoto wake. Alimsihi sana akane, au akubali kufichwa tu, naye Mbaga akakataa.

Yule mvulana alisikiliza mpaka mwisho, wala hakuuliza neno mbele ya wenzake. Watoto walipokwisha kutoka alirudi peke yake, akasimama mlangoni, akataka kujua Mukajanga alifanya nini Mbaga alipokataa. Nikamjibu kama nilivyosoma: alishindwa kumwokoa, basi akaamuru apigwe kwanza shingoni, ili moto umkute amekwisha kufa. Mvulana akafikiri kidogo. Akaniuliza kama maji nayo huua upesi. Nikamwambia nasikia ndivyo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwa mama yake.