Kabaka Mutesa na Idi Amin: Fahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tufundishao Kiswahili Arua na Koboko twaikumbuka methali hii kila tufikapo katika habari za Kabaka Mutesa wa Pili na Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko.

Tarehe 24 Mei 1966, kwa amri ya Milton Obote, Amin aliliongoza jeshi kulishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Mutesa, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta, akapitia Burundi, akafika London. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Naye akafariki ugenini tarehe 21 Novemba 1969.

Amin alipompindua Obote mwezi wa Januari 1971, yule aliyemfukuza Kabaka ndiye aliyeurudisha mwili wake. Ulizikwa Kasubi mwezi wa Aprili kwa heshima kubwa, na Waganda wengi wakamshangilia Amin. Hata hivyo, wazee wa Buganda walipoomba ufalme wenyewe urudishwe, alikataa. Maiti ya mfalme ilimpatia sifa. Mfalme aliye hai angalidai sehemu ya madaraka.

Habari hizi zatuhusu walimu. Mwaka 1973 wajumbe wa wilaya 12 walichagua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wa wilaya 8 wakachagua Kiganda. Amin akakitangaza Kiswahili kwa amri. Kwetu lugha hii ni ya sokoni na mpakani, ya Mlugbara, Mkakwa na Mnubi waonanapo. Kwa Mganda aliyeyakumbuka ya Mengo, ilikuwa lugha ya askari.

Amin alikimbia mwaka 1979. Mwaka uliofuata watu wa Arua na Koboko walilipizwa kisasi kwa makosa yasiyo yao, wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993. Amin alifia Jeddah mwaka 2003 akazikwa huko huko. Aliyemrudisha mhamishwa nyumbani, yeye hakurudishwa.

Basi mwanafunzi atokaye Buganda akisema kwamba kwao Kiswahili hakipendwi, tusimkemee. Tumsimulie ya Mengo na ya Kasubi, na pia ya Koboko, apate kuipambanua lugha na bunduki iliyoichukua.