Batli Iliyokwamisha Chombo: Historia ya Kuepuka Mkwamo katika Uandishi wa Ujumbe wa Kiini cha Linux, 1991–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya printk, zana inayoandika ujumbe wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Yanaonyesha namna zana iliyokusudiwa kueleza hitilafu ilivyoweza kuizua yenyewe, na jinsi wahandisi walivyovunja, moja baada ya jingine, masharti yanayozaa mkwamo. Mwishoni yanajadili istilahi za Kiswahili zinazofaa kulieleza jambo hili.

1.0 Utangulizi

Katika usafiri wa baharini, batli ni daftari ambamo huandikwa mwendo wa chombo, hali ya hewa na masaibu ya njiani. Chombo kikizama na batli ikaokolewa, wachunguzi huwa na pa kuanzia. Mfumo endeshi wa kompyuta nao una batli yake. Kiini cha mfumo huo, yaani sehemu ya programu inayosimamia kumbukumbu, vichakataji na vifaa vyote, hutoa ujumbe mfupimfupi kuhusu kifaa kilichopatikana, diski iliyogoma, au kosa lililokilazimu kiini chenyewe kusimama.

Hata hivyo, nahodha anaweza kusubiri dhoruba itulie ndipo aandike. Kiini hakina fursa hiyo. Hutakiwa kuandika wakati wowote na kutoka mahali popote ndani yake, hata katikati ya hitilafu inayoripotiwa. Kikikwama katika kuandika, mfumo mzima husimama na ujumbe ambao ungeeleza sababu hupotea nao.

2.0 Masharti Manne ya Mkwamo

Ili kazi mbili zisiharibu data moja kwa kuigusa pamoja, kiini hutumia kufuli: anayeishika hufanya kazi yake, wengine husubiri. Mwaka 1971, Coffman, Elphick na Shoshani walibainisha masharti manne ambayo lazima yatimie kwa pamoja ili mkwamo utokee. Kwanza, kitu kinachogombewa kisiweze kutumiwa na zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Pili, mwenye kushika kimoja aendelee kukishika huku akisubiri kingine. Tatu, kilichoshikwa kisiweze kunyang'anywa. Nne, wanaosubiriana wafanye mduara. Sharti moja likivunjwa, mkwamo hauwezi kutokea.

Katika uandishi wa batli ya kiini, mduara huo waweza kuwa mfupi mno. Kichakataji kimeshika kufuli ya batli na kinaandika. Kifaa kinakikatiza kwa dharura. Kazi ya dharura nayo inataka kuandika, inaikuta kufuli imeshikwa, inasubiri. Aliyeishika ni kazi ileile iliyokatizwa, ambayo haiwezi kuendelea mpaka dharura iishe. Ukatizaji wa kawaida waweza kuzuiwa kwa muda kufuli inaposhikwa, lakini upo ukatizaji usiozuilika, ambao kwa kawaida hutumiwa kuchunguza mashine iliyokwisha kuganda.

Mduara wa pili ulimhusu mpangakazi, sehemu ya kiini inayoamua kazi ipi ipewe kichakataji. Baada ya kuandika, printk ilipaswa kumwamsha msomaji wa batli. Kumwamsha kulihitaji kufuli ya mpangakazi. Iwapo aliyekuwa akiripoti kosa ni mpangakazi mwenyewe, huku ameishika kufuli hiyo, ripoti yake ilimfunga.

3.0 Kutoka Kichakataji Kimoja hadi Vingi, 1991–2001

Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux 0.01 mwezi Septemba 1991. Printk ilikuwamo tangu toleo hilo. Mashine iliyolengwa ilikuwa na kichakataji kimoja, na tatizo la kugombea batli lilikuwa dogo. Hali ilibadilika mwaka 1996, toleo la 2.0 lilipoanza kuhimili vichakataji vingi, mwanzoni chini ya kufuli moja kuu iliyokilinda kiini chote. Kadiri kufuli hiyo ilivyogawanywa kuwa nyingi ndogondogo, ndivyo njia za kukwama zilivyoongezeka. Mwaka 1999 Manfred Spraul alirekebisha uratibu wa printk kwa mashine za vichakataji vingi, na mwezi Machi 2001 Andrew Morton aliandika upya sehemu zake muhimu.

Utaratibu wa Morton ulitenganisha matendo mawili: kuhifadhi ujumbe katika bafa, na kuutoa kwenye konsoli, iwe skrini au waya wa mfululizo. Aliyeikuta konsoli ina mtu hakusubiri. Aliacha ujumbe wake katika bafa na kwenda zake. Aliyeishika konsoli alilazimika kutoa ujumbe wote uliorundikana kabla ya kuiachia. Kwa upande wa konsoli, sharti la pili lilikuwa limevunjwa.

Gharama yake ilidhihirika baadaye. Waya wa mfululizo wenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde 7. Vichakataji vingi vikiandika kwa pamoja, mmoja aliyebahatika vibaya huachiwa maelfu ya mistari. Akizidisha sekunde 20 hivi bila kuachia kichakataji, mlinzi wa kiini humhesabu kuwa ameganda na huandika onyo, ambalo nalo huongeza mzigo uleule. Mkwamo ulikuwa umebadilishwa kuwa mlemeo.

4.0 Miaka ya Viraka, 2006–2018

Mwaka 2006 toleo la 2.6.18 lilileta lockdep, zana ya Ingo Molnar inayofuatilia mpangilio wa kushika kufuli na kuonya mduara unapowezekana hata kabla haujatokea. Ilishughulikia sharti la nne. Lakini lockdep nayo huripoti kupitia printk, na onyo linalotolewa mahali pabaya laweza kuleta mkwamo linaoukanya.

Hatua zilizofuata zilikuwa viraka vyenye manufaa. Mpangakazi alipewa njia ya kuandika sasa na kuahirisha utoaji. Mwaka 2016 Petr Mladek alivipatia vichakataji bafa za pembeni za kutumiwa wakati wa ukatizaji usiozuilika, na mwaka 2017 Sergey Senozhatsky aliupanua utaratibu huo kwa hali ambapo printk inajiita yenyewe. Mwaka 2018 wazo la Steven Rostedt lilimwezesha aliyelemewa na konsoli kumkabidhi kazi mwandishi mwingine anayesubiri. Kiini kilipokuwa kinakufa kabisa, kufuli zilivunjwa kwa nguvu kwa matumaini kwamba maneno ya mwisho yangefika.

Kila kiraka kilizuia tundu moja, lakini chanzo kilibaki: mwandishi wa batli bado alihitaji kufuli.

5.0 Kuondoa Kufuli, 2020–2024

Mwezi Desemba 2020, toleo la 5.10 lilikuja na bafa ya mduara isiyo na kufuli, kazi ya John Ogness. Kila mwandishi hujitengea nafasi yake kwa matendo yasiyogawanyika ya kichakataji. Kwa upande wa kuhifadhi, sharti la kwanza likawa limevunjwa, na mwaka 2021 bafa za pembeni ziliweza kuondolewa.

Ulibaki utoaji. Mwaka 2022, wakati wa matayarisho ya toleo la 5.19, kazi hiyo ilihamishiwa kwenye nyuzi maalumu za kiini, kisha mabadiliko hayo yakarudishwa nyuma kabla toleo halijatoka. Uzi unaosubiri zamu yake hauna msaada mfumo unapokufa ghafla: mwandishi hakukwama tena, lakini maneno ya mwisho yaliweza yasionekane. Suluhisho lililofuata lilizipa konsoli za aina mpya umiliki wenye ngazi tatu: kawaida, dharura na maangamizi. Wa ngazi ya juu aweza kuitwaa konsoli kutoka kwa wa chini. Sharti la tatu, la kutonyang'anywa, nalo likavunjwa.

Kazi hiyo ilikuwa kizuizi kikubwa cha mwisho kwa mradi wa miaka 20 hivi wa kukiwezesha kiini kufanya kazi kwa wakati halisi, ambao hatimaye uliingia katika toleo la 6.12 mwezi Novemba 2024. Viendeshi vya konsoli vya zamani vinaendelea na utaratibu wa 2001 hadi vitakapohamishwa.

6.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kina maneno ya kusimulia historia hii, ila matumizi yake yanahitaji uangalifu. Neno kumbukumbu hubebeshwa dhana mbili: hifadhi ya muda ya kompyuta na maandishi ya matukio. Sentensi kama "kumbukumbu zimejaa kwenye kumbukumbu" humkwaza msomaji hasa pale anapohitaji kujua kipi kimejaa. Batli huondoa utata huo. Waweza kupinga kwamba ni neno la pwani, geni kwa msomaji wa Kampala au Kigali. Lakini istilahi ya Kiingereza nayo ilitoka baharini, kwenye gogo lililotupwa majini kupima kasi ya meli, na haikuwazuia watumiaji wa bara. Mkwamo, kwa upande wake, hueleweka kwa yeyote aliyesikia habari za mazungumzo yaliyokwama, na hubeba maana ya msingi: kila upande unangoja mwingine.

7.0 Hitimisho

Simu zinazotumia Android, zilizoenea Afrika Mashariki, zina kiini cha Linux ndani yake. Kwa washauri wa sera, historia hii ina funzo la moja kwa moja. Mfumo wowote wa umma unaotakiwa kutoa hesabu ya makosa yake uulizwe mapema: je, mwandishi wa ripoti anahitaji ruhusa, nafasi au rasilimali iliyo mikononi mwa anayeripotiwa? Kama ndivyo, batli itanyamaza siku inapohitajika zaidi. Wahandisi wa Linux walichukua zaidi ya miongo miwili kulitatua swali hilo kwa zana moja. Wanaounda istilahi za Kiswahili wana wajibu wa kuhakikisha kwamba linaweza kuulizwa, na kujibiwa, kwa lugha hii.