Nasuri: Jeraha Linaloitwa Ugonjwa

Ukitoka Kericho mjini kuteremkia Soin, chai huisha taratibu, joto huzidi na miwa huanza. Msafiri huufurahia mteremko huo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua huupanda kinyume, kwa kuwa hospitali kubwa ziko juu, na bodaboda ikikwama matopeni ndipo saa zinapoanza kumdhuru.

Wakunga wana jina la hali inayomkuta: uchungu pingamizi. Mtoto hapiti, ama kwa sababu kichwa hakilingani na nyonga ya mama, ama kwa sababu amelala vibaya tumboni. Kila uchungu unapobana, kichwa hukandamiza uke na kibofu cha mkojo kwenye mfupa. Damu haifiki hapo. Nyama iliyokosa damu kwa muda mrefu hufa, na siku chache baada ya kujifungua hubanduka na kuacha tundu. Mkojo huanza kupita ukeni wenyewe, usiku na mchana. Tundu likiwa upande wa nyuma, hupita kinyesi. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa.

Tundu hilo ndilo nasuri ya uzazi.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako nasur ni kidonda sugu kinachotoa uchafu na kukataa kufunga. Madaktari wa Ulaya walichukua fistula ya Kilatini, yaani bomba au mwanzi. Kilatini kilitazama njia, Kiarabu kikatazama kidonda. Watanzania wengi husema fistula, magazeti ya Kiswahili ya Kenya huandika nasuri, na maneno yote mawili yanafaa. Lisiloachwa ni "ya uzazi", kwa sababu ipo pia nasuri ya njia ya haja kubwa, inayotokana na jipu na kuwapata hata wanaume.

Shida iko kwenye kitenzi. Tumezoea kusema mama "anaugua nasuri". Aliyevunjika mguu hatusemi anaugua mguu. Tunasema ameumia, kisha tunauliza aliumiaje. Nasuri ya uzazi haiambukizi, si laana, wala si malipo ya uzinzi. Ni jeraha, na chanzo chake ni msaada uliochelewa. Anayesema "amejeruhiwa katika uzazi" humwondolea mama lawama na kuielekeza barabarani na hospitalini.

Lawama hiyo ina uzito. Mama hukata leso kuukuu vipande vipande, akavaa, akafua, akaanika nyuma ya nyumba pasipoonekana. Huacha kwenda kanisani na sokoni. Wengi hupunguza kunywa maji wakitumaini mkojo utapungua. Kumbe mkojo huwa mkali zaidi, harufu huongezeka na ngozi ya mapajani huchubuka. Atakaposhauriwa anywe maji kwa wingi, ataona kama anachezewa.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014, takriban asilimia 1 ya wanawake wa Kenya waliohojiwa walisema wamewahi kupata dalili za nasuri. Serikali ilikuwa imefuta ada za kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Nauli na umbali vilibaki palepale. Huko Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ililiona pengo hilo ikaanza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa.

Tiba ipo. Tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kujifunga lenyewe mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, makubwa hushonwa. Kwa mama wa Soin, mahali pamoja pa kushonewa ni Gynocare mjini Eldoret, hospitali iliyoanzishwa na Dkt. Hillary Mabeya. Wengi wa wanaoshonwa hupona.

Akipona na kubeba mimba tena, kwa kawaida hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, na awe karibu na hospitali kabla uchungu haujaanza. Kwa hiyo neno hili lazima liandikwe kwenye kijitabu chake cha kliniki, waziwazi: nasuri ya uzazi, imeshonwa. Muuguzi wa zamu atakayekifungua saa nane usiku atajua la kufanya, hata kama mama amezidiwa na hawezi kusema.