Ebola ya 2021 ilitoka wapi?

Tarehe 7 Februari 2021, Ebola ilitangazwa tena Kivu ya Kaskazini, upande wa Biena na Butembo. Watu wakajiuliza: ni nyama ya pori tena? INRB, ile yenye maabara hapa Goma, ikasoma jenomu ya virusi, yaani zile "herufi" zake karibu 19,000, moja moja. Kumbe ni ndugu wa virusi vya 2018–2020, vilivyoua watu 2,287. Havikutoka porini upya. Inaelekea vilibaki kimya mwilini mwa mtu aliyepona, maana vinaweza kujificha kwenye shahawa miezi mingi. Ndiyo sababu wanaume waliopona wanaombwa kutumia kondomu na kupimwa, hadi majibu mawili yatoke safi. Sasa mtu akikimbiwa na majirani, atajitokeza vipi kupimwa?