Kimya cha Pretoria, Cherehani ya Orlando

Agosti 9, 1956 iliangukia Alhamisi, siku ambayo kwa desturi watumishi wa ndani walipata mapumziko. Waandaaji waliichagua kwa sababu hiyo. Ili kupinga pasi, hati za kudhibiti mienendo ya Waafrika, wanawake wapatao 20,000 walipanda hadi Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria, wawili wawili na watatu watatu, kwa kuwa maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Baadhi walibeba mgongoni watoto wao. Wengine, watoto wa Wazungu waliowaajiri. Waziri Mkuu J.G. Strijdom hakutokea. Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams waliacha marundo ya karatasi za saini ofisini kwake, kisha umati ukasimama kimya dakika 30.

Tangu 1995 siku hiyo ni sikukuu ya taifa nchini Afrika Kusini. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu hii, pamoja na heshima zake zote, inatupunja: inakitukuza kimya cha nusu saa na kukisahau kimya cha miaka iliyofuata.

Kwa kipimo cha sheria, maandamano yalishindwa. Pasi, ndugu wa kipande walichovishwa wanaume wa Kenya ya kikoloni, iliendelea kusambazwa kwa wanawake, na mwaka 1963 ikawa lazima kwa wanawake Waafrika wote. Haikufutwa hadi 1986. Anayeutafuta urithi wa waandamanaji katika tukio lenyewe tu atatoka mikono mitupu.

Tumtazame Ngoyi. Alikuwa mshonaji wa kiwandani aliyejiunga na ANC mwaka 1952, na miaka minne baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Halmashauri Kuu ya chama. Mwaka 1962 makaburu wakamwekea zuio: asitoke Orlando, kitongoji chake huko Soweto, asihudhurie mikutano, maneno yake yasinukuliwe. Akabaki na cherehani yake nyumbani. Barua alizomwandikia rafiki wa Amnesty International katika miaka ya 1970 zimejaa habari za kushona, riziki na nyumba. Alifariki 1980, zuio likiwa bado shingoni.

Ni rahisi kuzisoma barua hizo kama mambo ya jikoni yasiyohusu siasa. Lakini hilo ndilo dola ilikusudia: kiongozi aonekane bibi mshonaji tu. Mwanazuoni anayeitenga cherehani na siasa anaikamilisha kazi ya zuio. Kila gauni lililouzwa lilimwezesha kuishi bila kupiga magoti, na huo ulikuwa upinzani.

Itasemwa kwamba wanawake wengine, wapinzani wa ubaguzi waliokuwa uhamishoni, walitenda makubwa zaidi. Ruth First aliuawa kwa bomu la kifurushi Maputo mwaka 1982. Dulcie September akapigwa risasi Paris mwaka 1988. Frene Ginwala alihariri gazeti la The Standard jijini Dar es Salaam kabla ya kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini mwaka 1994. Sibishi. Ila uhamisho huacha magazeti, vitabu na ofisi. Zuio hufuta nyayo. Tusichanganye wingi wa nyaraka na uzito wa mapambano.

Mwaka 2006 uwanja wa Pretoria uliobeba jina la Strijdom ulipewa jina la Ngoyi. Ni haki yake. Lakini uwanja unamkumbuka mhutubiaji. Mwanamke aliyelipia ukimya wake kwa sindano na uzi bado anamsubiri mwanahistoria.