Mji Gani, Mama Nuru? (Sehemu ya Tano)

Jumamosi iliyopita tuliwaacha Baba Nuru na Mama Nuru wamekaa ukingoni mwa kitanda, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Pasipoti tatu katikati yao. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Baba Nuru alikuwa ametamka neno moja: "Texas."

Mama Nuru naye lake moja: "Minneapolis."

Halafu umeme ukakatika. Najua, mmenilaumu wiki nzima. Haya, umeme umerudi. Sogea karibu.

Wewe uliyejiunga leo, nakusogezea haraka haraka. Watu hawa wamepata bahati nasibu ya Green Card ya Marekani. Usaili wa ubalozini Dar wamepita. Viza zimeshabandikwa, na katikati ya Aprili 2019 muda wake unakwisha. Hapa tulipo ni Jumatano, Januari 30.

Hela? Dola 330 kwa kila kichwa pale ubalozini, kisha dola 220 nyingine kwa kila kichwa ili kadi zenyewe zichapishwe. Nuru ana miaka saba, lakini bei yake ni ya mtu mzima. Jumla dola 1,650, na tiketi za ndege bado hazijaguswa.

Ndiyo maana lile shamba la minazi la Pongwe, alilolipanda babu, leo lina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo hakuna kurudi nyuma, tumeelewana?

Limebaki jambo dogo tu. Wanakwenda kukaa wapi?

Usicheke. Green Card haikupangii mji. Majimbo ni 50, na mwenye viza yake anashukia anakotaka. Uhuru huo ndio uliokuwa unaitikisa ndoa ya miaka tisa.

Tumsikilize kwanza mwenye nyumba.

Baba Nuru ni fundi magari, gereji yake iko Makorora. Hoja yake ya kwanza ilikuwa joto. Ya pili, kaka yake mkubwa yuko Texas mwaka wa nne sasa, ana kampuni ya usafirishaji, ana nyumba ya vyumba vinne. Ya tatu ilikuwa chumvi.

Ndiyo, chumvi. Kule Minneapolis barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inatafuna magari kwa chini mpaka yanatoboka. "Nimeitoroka kutu ya bahari," akasema, "nikaifuate kutu ya barafu?"

Mimi nilitamani kumnong'oneza kwamba kwa fundi kutu ni riziki. Lakini mwandishi haingilii ugomvi wa chumbani. Au sivyo?

Mama Nuru naye ni muuguzi. Binamu yake, Dada Rehema, anaishi Minneapolis, mtaa wa Cedar-Riverside, ambako Wasomali wamejaa. Nyama ya halali unaifuata kwa miguu. Treni ya mjini ina kituo palepale mtaani. Hilo la treni lilimwingia moyoni kuliko yote, maana Mama Nuru hajui kuendesha gari, na alishaambiwa kwamba kule Houston, Texas, bila gari umefungwa ndani kama eda.

Na kazi? Dada Rehema alimpangia kila kitu. Aanze na kozi ya usaidizi wa wauguzi, ambayo kwa sheria ya taifa lao haipungui saa 75 za mafunzo. Aingie nyumba za kulelea wazee, apate mshahara. Huku anaandaa vyeti vyake vya Tanga, asome usiku, aukabili mtihani wa NCLEX, awe muuguzi kamili.

Sasa nikupe siri. Usimwambie Baba Nuru.

Siku tatu nyuma Dada Rehema alituma ujumbe wa sauti. Alisema leseni ya uuguzi Marekani inatolewa na jimbo, si na taifa. Kuna majimbo yaliyoungana, ukipata leseni ya jimbo moja kati ya hayo unafanya kazi katika mengine yote bila kuomba upya. Texas imo tangu mwaka 2000, umoja huo ulipoanza.

Minnesota haimo.

Umeona? Hoja nzito kuliko zote ya kwenda Texas ilikuwa ndani ya simu ya mtu asiyetaka kwenda Texas.

Mama Nuru aliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Kisha akaufuta.

Sasa turudi Jumatano. Saa kumi alasiri simu ikalia, ya video. Dada Rehema! Kwake ilikuwa saa moja asubuhi, amejifunga mitandio mpaka yamebaki macho. Sebuleni yupo Baba Nuru, yupo Nuru, na yupo Bibi, mama yake Baba Nuru, mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile.

"Shikamoo, Mama! Nawaonyesha kitu," akasema Rehema. Akafungua mlango, akarusha kikombe cha maji ya moto hewani.

Maji hayakurudi chini. Yaligeuka moshi mweupe, yakapotea.

Nuru akapiga makofi. Bibi hakupiga.

"Ni baridi kiasi gani, mwanangu?"

Rehema, Mungu ambariki, hajui kudanganya. "Ni nyuzi 33 chini ya sifuri, Mama. Shule zimefungwa. Hata posta leo wamesema hawasambazi barua."

Nitazame mimi sasa. Hata posta! Na unajua Green Card inamfikia mtu kwa njia gani? Kwa posta.

Mama Nuru alijaribu kuokoa jahazi. Akamtaka Rehema aeleze yale madaraja ya vioo ya katikati ya mji, yanayounganisha jengo na jengo ghorofani, mtu akatembea mtaa baada ya mtaa bila kuliona koti. Rehema akaeleza vizuri tu. Lakini Bibi alikuwa ameshalishika lake.

"Mjukuu wangu haendi kuishi ndani ya friji."

Baba Nuru akatabasamu. Lile tabasamu, akina mama, mnalijua. La mwanamume mwenye kitu mfukoni.

Akaingiza mkono mfukoni.

Akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Dar es Salaam hadi Houston, Februari 20.

"Nimeshakata," akasema.

Nyumba nzima kimya. Hata Rehema kule kwenye baridi yake alinyamaza.

Ulidhani nitaishia hapo? Hapana. Leo sina roho mbaya kiasi hicho. Bado kuna usiku.

Usiku ule Mama Nuru hakulala. Si kwa hasira peke yake. Kulikuwa na jambo linamwasha siku nyingi, na sasa likapata nafasi.

Shemeji yake hupiga simu kila Alhamisi, saa tano asubuhi. Haikosi. Nyuma yake daima kuna taa nyeupe kali na ukuta mtupu. "Nipo ofisini," husema.

Mama Nuru akaanza kuhesabu kwa vidole. Rehema yuko saa tisa nyuma ya Tanga. Texas nayo ni vilevile. Saa tano asubuhi ya Tanga, toa tisa.

Saa nane usiku.

Mwenye kampuni yake anafanya nini ofisini saa nane usiku, kila wiki, miaka minne? Na kwa nini, katika miaka hiyo yote, hakuna aliyewahi kuiona nyumba ya vyumba vinne?

Akainuka taratibu. Akafungua kabati, akawasha tochi ya simu. Mkono ukagusa ile bahasha kubwa ya ubalozi, iliyofungwa.

La! Hiyo haifunguliwi. Hiyo anaifungua ofisa wa uhamiaji kulekule uwanjani. Ukiichana Tanga, umeichana safari.

Nilishika moyo, nawe shika wako. Mkono ukaipita ile bahasha, ukavuta faili la plastiki chini yake. Nakala ya fomu ya viza, ileile aliyoijaza kijana wa steshenari huku Baba Nuru akimsomea anwani kutoka kwenye simu. Siku ile Mama Nuru alikuwa zamu wodini. Hakuwahi kuisoma.

Fomu ile ina swali ambalo wengi hulipita juu juu. Utaishi anwani gani? Na mtu anayeishi hapo sasa anaitwa nani?

Jina lilikuwa la shemeji. Sawa. Jimbo, Texas. Sawa.

Mji haukuwa Houston.

Uliandikwa Amarillo.

Akafungua ramani kwenye simu. Texas peke yake ni karibu robo tatu ya Tanzania, na Amarillo iko juu kabisa huko kaskazini. Kutoka Houston ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, mbali kuliko Dar mpaka Mbeya. Uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mji wa ng'ombe na viwanda vya nyama.

Na picha ya kwanza iliyofunguka ilikuwa ya mtaa uliofunikwa na theluji.

Theluji! Basi lile joto la Texas lililoshinda kesi mbele ya Bibi lilikuwa la nani?

Akasikia kitanda kinalia nyuma yake.

"Mama Nuru." Sauti haikuwa ya mtu aliyetoka usingizini. "Zima tochi."

"Ulijua?"

Kimya.

"Baba Nuru, nakuuliza. Ulijua?"

"Nilitaka tufike kwanza," akasema.

Tufike kwanza! Mwanamke ameuza shamba, ameacha kazi ya serikali, anaambiwa tufike kwanza. Alilolijibu siliandiki, gazeti hili linasomwa na watoto.

Kulipokucha Baba Nuru alitoka kabla ya chai. Alikuwa na haraka ya kukimbia maswali mpaka akaisahau simu yake kwenye chaji.

Siku gani hiyo? Alhamisi.

Mama Nuru akavuta kigoda, akakaa mbele ya ile simu. Saa nne. Saa nne na nusu. Bibi akamwita mara mbili kutoka uani, hakuitika.

Saa tano kamili ikalia.

Jina la shemeji. Video. Akavuta pumzi, akapokea, swali liko ulimini.

Likamkwama.

Kwenye kioo hakuwa shemeji. Alikuwa mwanamke, kofia ngumu nyeupe kichwani, koti zito, mvuke unamtoka mdomoni kama amesimama ndani ya chumba cha barafu. Nyuma yake taa zilezile nyeupe, ukuta uleule.

"Mama, usikate simu," akasema, kwa Kiswahili cha Kongo. "Ni mimi nilichukua simu yake. Ni wewe bibi ya mudogo yake?"

Mama Nuru akaitikia kwa kichwa.

"Munakuya tarehe ngapi?"

"Ishirini."

Yule mwanamke akatazama nyuma, akasogeza mdomo karibu.

"Musikuye kwanza. Kuko kitu moja hakuwaambia. Angalia."

Akaigeuza kamera.

Mama Nuru alitoa ukelele uliomtoa Bibi uani mbio, upawa mkononi. Alipofika, kioo bado kilikuwa kinawaka. Bibi akainama, akatazama, akalitaja jina la mwanawe.

Lakini si la yule wa Texas.

Itaendelea Jumamosi ijayo.