Tyuni Wazi, Nyuzi Legevu na Kapo

Katika Bura ya Fafi, Kaunti ya Garissa, ala ya nyuzi iliyotangulia masikioni mwa wengi si gita bali kaban, jina la Kisomali la udi. Abdullahi Qarshe, anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, na kaban ndiyo iliyombebea nyimbo zake. Hudeydi, fundi mwingine mkubwa wa ala hiyo, alifariki London mwaka 2020. Sasa mpe kijana gita na umwambie aandamane na nyimbo za namna hiyo. Atapata taabu, na taabu yenyewe haitakuwa vidoleni. Itakuwa katika namna nyuzi zilivyokazwa.

Gita huuzwa likitarajiwa kukazwa E A D G B E, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba. Mpangilio huo, ambao tuuite tyuni ya kawaida, unafaa sana kwa kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Wimbo wa kaban haukai hivyo. Hutembea kwa noti moja moja, mara nyingi ndani ya ngazi ya noti tano, huku uzi wa chini ukiendelea kuvuma. Kwa hiyo mpiga gita huanza kulegeza nyuzi, na hapo ndipo tunapohitaji istilahi.

Wapiga gita wetu husema “kutyuni”, na sioni sababu ya kuwanyang’anya neno hilo. Mpangilio wowote unaoachana na ule wa kawaida ni tyuni mbadala. Ndani ya tyuni mbadala kuna kundi dogo zaidi: zile ambazo ukipiga nyuzi zote bila kubana hata moja, unapata kodi kamili. Hiyo ndiyo tyuni wazi. D G D G B D, kwa mfano, hukupa kodi ya G mkono wa kushoto ukiwa umepumzika. Neno “wazi” hapa linausifu uzi, maana uzi wazi ni uzi usiobanwa na kidole. Halina maana kwamba sauti ni bayana au kwamba kila mtu ameruhusiwa kuitumia, na ndiyo maana siafiki “tyuni huria”, jina ambalo linampeleka msomaji pasipo.

Tyuni inayomfaa zaidi mtu anayetaka kukaa karibu na kaban ni D A D G A D. Davey Graham, mpiga gita wa Uingereza, aliizoesha masikioni mwa wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kukaa Morocco, ambako alitaka gita lake liweze kuandamana na udi. Njia yake ilikuwa fupi mno: uzi wa sita ushuke toni moja kutoka E hadi D, wa pili kutoka B hadi A, wa kwanza kutoka E hadi D. Nyuzi tatu za katikati, A, D na G, haziguswi.

Kwa aliyeimba kwaya shuleni, nitalieleza kwa do-re-mi. Ukiweka do kwenye D, nyuzi zinalia do, so, do, fa, so, do. Mi haipo, na mi ndiyo inayoamua kama kodi itakuwa changamfu au ya majonzi. Ikikosekana, wimbo haujafungwa upande wowote. Hamishia do kwenye G, uone jambo lingine: nyuzi sasa ni so, re, so, do, re, so. Hizo ni noti tatu kati ya tano za ngazi ya do-re-mi-so-la, zote zinalia zenyewe, na kazi iliyobaki kwa vidole ni mi na la. Hii ndiyo sababu DADGAD huingia katika nyimbo za noti tano kwa wepesi kuliko tyuni ya kawaida. Kwa ukali wa istilahi si tyuni wazi kamili, kwa kuwa kodi yake haina mi, ingawa wanamuziki wengi huihesabu humo. Mimi ningeiita tyuni mbadala ya nyuzi legevu, na nadhani jina hilo lingewaelea hata wenyeji wa Hawaii. Huko wachunga ng’ombe kutoka Mexico walifika na magita katika miaka ya 1830, na jina la mtindo wa gita uliozaliwa baadaye lina maana ya kulegeza kigingi, kile kinachokaza uzi.

Lakini faida ya nyuzi zinazovuma wazi ina gharama. Uzi wa D utavuma D tu. Mwimbaji akisema wimbo uko chini mno, anataka toni moja juu, ukikaza nyuzi zote sita unahatarisha kuzikata, na ukihamisha vidole unaupoteza mvumo uliokufanya ulegeze nyuzi tangu mwanzo. Kinachookoa ni kapo: kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gita na kuzibana nyuzi zote kwa pamoja. Kila freti, yaani kila chuma kinachokatiza shingo, ni nusu-toni. Kwenye gita lenye uzi wa sentimita 65, freti ya kwanza iko takriban sentimita 3.6 kutoka kichwani na ya pili kama sentimita 7. Kapo ikifungwa freti ya pili, DADGAD inakuwa E B E A B E. Ya tatu, inakuwa F C F B♭ C F. Tyuni hupanga ujirani wa nyuzi, kapo hupanga kimo chake, na ndiyo maana sipendi kuona moja ikielezwa bila nyingine.

Kapo inaweza pia kubana nyuzi chache tu. Rudisha gita kwenye tyuni ya kawaida, kisha ubane freti ya pili katika uzi wa tano, wa nne na wa tatu, ukiacha ule wa sita, wa pili na wa kwanza huru. Piga zote. Utasikia E B E A B E, noti zilezile za DADGAD yenye kapo freti ya pili! Tofauti hujitokeza vidole vinapopanda juu ya kapo. Kwa kuwa hakuna kigingi kilichozungushwa, kodi ulizozizoea zinabaki na maumbo yake, ilhali kwenye DADGAD unajifunza nyuzi tatu upya. Kwa hiyo hii si tyuni hata kidogo. Naiita kapo pengo, maana hiyo ndiyo sura yake.

Asiye na kapo ya dukani hukata kipande cha penseli kinachovuka shingo, akakilaza juu ya nyuzi nyuma kidogo ya freti, akakikaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa mara mbili au tatu. Mbinu hii ni ya siku nyingi miongoni mwa wapiga gita wa Kongo na Afrika Mashariki. Mpira uvutwe sawasawa pande zote mbili, la sivyo uzi wa kwanza utalia kama nzi. Na katika joto la Bura, ambako mchana hupita nyuzijoto 35 mara nyingi, chuma hutanuka na sauti hushuka. Nyuzi zilizolegezwa ndizo hushuka zaidi, na hizohizo ndizo hupanda zaidi kapo ikizikandamiza. Tyuni kwanza bila kapo, funga, kisha usikilize tena uzi wa sita.

Kuhusu jina, “kapo” ni kifupi cha neno la Kiitaliano capotasto, kichwa cha ubao wa vidole, na linatamkika vizuri kwetu. Taabu yake ni kwamba kurasa za burudani zimeshalitumia kwa wapenzi wawili. “Kapo ya gita” mara ya kwanza, “kapo” baada ya hapo, inatosha. Katika daftari la nyimbo andika tyuni na freti pamoja: DADGAD, kapo 2. Mwenzako mwenye gita mwambie D, kapo ya pili, kwa kuwa hilo ndilo umbo la vidole. Mpiga kaban, ambaye ala yake haina freti wala kapo, mwambie E.